Makundi sita, kazi moja: wanafunzi watabuni vipi kitu kipya wakiwa pamoja?

Swali: "Ninafundisha sayansi sekondari, darasa lina wanafunzi 48. Muhula huu niliwagawa makundi sita ya wanane wanane. Kila kundi nililifungulia hati ya pamoja mtandaoni na kundi la WhatsApp, nikawapa wiki tatu wabuni suluhisho la tatizo lolote la shuleni. Nimepokea kazi sita ambazo ungedhani zimeandikwa na mtu mmoja: nne zinapendekeza programu ya simu, mbili zinapendekeza 'kutoa elimu kwa jamii'. Nikiwahoji nagundua kila kazi imefanywa na mtu mmoja au wawili, na sehemu kubwa imeandikwa na akili mnemba. Uongozi wa shule uko tayari kununua programu ya kulipia ya kufanyia kazi za pamoja. Itasaidia? Kama haitasaidia, nifanye nini?"

Jibu:

Mwalimu, habari ya programu ya kulipia iweke pembeni kwanza, nitaifikia. Kilichokwama darasani kwako si chombo. Uliwaunganisha wanafunzi mapema mno, kabla yeyote kati yao hajawa na kitu cha kumletea mwenzake. Wanane wasio na la kuambiana wakipewa hati moja tupu, mwenye vidole vyepesi ataandika na waliobaki watatuma dole gumba. Huo si utovu wa nidhamu. Ndivyo makundi yalivyo, na jambo hili limechunguzwa kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwapima watu nguvu za kuvuta, mmoja mmoja kisha kwa makundi. Katika takwimu alizochapisha mwaka 1913, wawili wakivuta pamoja kila mmoja hutoa kama asilimia 93 ya nguvu anazotoa akiwa peke yake. Wakiwa watatu ni asilimia 85. Wakiwa wanane ni 49. Wanane, mwalimu, ndiyo idadi uliyochagua. Sehemu ya upungufu huo inatokana na watu kutovuta kwa mpigo mmoja, lakini watafiti wa baadaye waliwafunga watu vitambaa machoni, wakawaaminisha kwamba kuna wenzao wanaovuta nyuma yao, kumbe hakuna aliyekuwa akivuta. Bado walilegeza. Mwaka 1979 Bibb Latané na wenzake walipata matokeo ya namna hiyohiyo kwa kuwataka watu wapige makofi na kelele. Kwa hiyo kutegea hakuhitaji mtu mvivu. Kunahitaji tu kazi ambayo mchango wa mmoja hauonekani.

Hiyo ni nguvu ya mikono. Kwenye kutafuta mawazo mapya mambo ni magumu zaidi. Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara huko Marekani, ndiye aliyeeneza mtindo wa watu kuketi mezani na kumwaga mawazo kwa sauti bila kukosoana. Kitabu chake cha mwaka 1953 kiliuteka ulimwengu wa ofisi, na hadi leo warsha nyingi huanza hivyo. Miaka mitano baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliyalinganisha makundi ya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne waliofanya kazi kila mmoja chumbani kwake, kisha mawazo yao yakajumlishwa na yaliyojirudia yakaondolewa. Waliotengana walipata mawazo karibu maradufu. Tumezoea kusema penye wengi hapaharibiki neno. Neno haliharibiki, sawa, ila linaweza lisizaliwe kabisa.

Sababu kubwa ni ya kawaida mno hadi inachekesha. Michael Diehl na Wolfgang Stroebe waliichambua mwaka 1987, wakaona kwamba zaidi ya kuogopa kuchekwa na zaidi ya kutegea, kinachoua mawazo ni foleni. Mmoja akisema, wengine wanangoja. Ukingoja unalisahau wazo lako, au unaliona halifai tena baada ya kusikia la mwenzako, au unashughulika kulikariri lisikutoke, na kichwa hakipati nafasi ya kuzaa lingine.

Hapa ndipo chombo cha kidijitali kinapopata kazi yake ya kweli. Hati ya pamoja au ukuta wa kidijitali, yaani ubao wa mtandaoni wa kubandika vikaratasi, huiondoa foleni: watu wote wanaandika kwa wakati mmoja, na hakuna anayemzuia mwenzake. Lakini itumike hivyo. Mpe kila mwanafunzi ukurasa au safu yake, aandike peke yake kwa dakika kumi bila kuona za wengine, halafu ndipo kurasa zifunguliwe wasomane. Ukiwa huna kompyuta, Mjerumani Bernd Rohrbach alikuwa na njia ya karatasi tangu 1968: watu sita, kila mmoja anaandika mawazo matatu kwa dakika tano, anampasia jirani, jirani anasoma na kuongeza matatu yake, mpaka karatasi izunguke mezani. Nusu saa inatoa mawazo 108. Mengi yatakuwa takataka, na hilo wanafunzi waambiwe mapema ili wasishtuke. Ninachokipenda katika njia hii ni kwamba mkimya na msemaji wanatoka na idadi ileile ya mistari.

Sasa akili mnemba, maana najua ndiyo inayokuumiza kichwa. Utafiti wa Anil Doshi na Oliver Hauser uliochapishwa mwaka 2024 uliwapa waandishi wa hadithi fupi mawazo yaliyotolewa na akili mnemba. Hadithi za waliosaidiwa zilipata alama za juu zaidi, moja moja. Zilipowekwa pamoja, zilifanana zaidi kuliko za wale walioandika bila msaada. Hicho ndicho kilichokupata: kila kazi ukiisoma peke yake inapendeza, na zote sita ni kazi moja. Kukataza hakutakusaidia sana, kwa sababu huwezi kulinda simu za nyumbani. Mimi huwashauri walimu wafanye kinyume chake. Kabla ya kipindi, wewe mwenyewe iulize akili mnemba ikupe masuluhisho ishirini ya tatizo utakalowapa, yachapishe, yabandike ukutani, kisha utangaze kwamba hayo ndiyo mawazo ya kawaida na hayapokelewi. Anayetaka kulitumia mojawapo aonyeshe amelibadili wapi, na kwa sababu ya jambo gani aliloliona kwa macho yake. Baadaye kazi ikishapata umbo, warudi kwenye hiyohiyo akili mnemba na kuiomba iwape kasoro za mpango wao. Kama mkosoaji inafaa sana. Kama mwanzilishi inawafanya wote wafanane.

Kosa la pili liko kwenye swali ulilowapa. "Tatizo lolote la shuleni" linasikika kama uhuru, lakini kwa mtoto wa sekondari ni jangwa. Hajui aanzie wapi, basi anakimbilia jambo alilowahi kulisikia. Ubunifu unahitaji tatizo dogo, lenye mipaka, ambalo mtu anaweza kwenda kulitazama na kulipima. Nitakupa moja na kukuonyesha jinsi ningeliendesha kwa wanafunzi wako 48, hatua kwa hatua.

Tatizo: maji yanayopotea kwenye mabomba ya kunawia mikono. Wagawe makundi kumi na mawili ya wanne wanne. Haya ndiyo makundi ya nyumbani. Ndani ya kila kundi, kila mmoja anapewa eneo lake moja kati ya manne. Wa kwanza anachunguza tabia: watu wanafungua bomba lini, wanapaka sabuni lini, wanafunga lini. Wa pili anachukua vipimo. Wa tatu anatafuta vifaa vilivyopo duniani, kuanzia bomba la kubonyeza linalojifunga lenyewe hadi kibuyu chirizi kinachokanyagwa kwa mguu. Wa nne anamfuata mtu anayetunza mabomba na kumuuliza nini huharibika, na kikiharibika kinakaa muda gani kabla ya kutengenezwa.

Wenye eneo moja watakuwa kumi na wawili darasa zima. Wagawe tena wanne wanne, wakutane na wenzao wa eneo hilo, wafanye uchunguzi pamoja na kulinganisha walichopata. Baada ya hapo kila mmoja anarudi kundi la nyumbani, na huko yeye ndiye mtu pekee anayelijua eneo lake. Njia hii ilibuniwa na Elliot Aronson na wanafunzi wake huko Austin, Texas, mwaka 1971, wakati shule zilipoanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na madarasa yakawa uwanja wa uhasama. Aronson aliona mashindano ya kunyoosha mikono yanachochea moto, akaamua kila mtoto ashike kipande cha somo ambacho wengine hawana, ili hata anayedharauliwa lazima asikilizwe. Hakuwahubiria wapendane. Aliwafanya wahitajiane.

Tumtazame yule wa vipimo, kwa kuwa hapo ndipo sayansi yako inapoingia. Anakinga chupa ya lita moja chini ya bomba na kuhesabu sekunde. Tuseme inajaa kwa sekunde kumi: bomba linatoa lita sita kwa dakika. Mwenzake wa tabia amekaa pembeni na saa ya simu, ameona kwamba watu wanapopaka sabuni huacha bomba wazi sekunde ishirini hivi. Hao wawili wakikutana tu, hesabu inajitokeza yenyewe: lita mbili kwa kila mtu kila anaponawa, lita 96 darasa likinawa mara moja. Hakuna kati yao aliyekuwa na namba hiyo peke yake. Waiingize kwenye lahajedwali ya pamoja, makundi yote kumi na mawili yaione, wabishane kwa nini bomba la kona linatoa tofauti.

Kisha wanakuja kwenye suluhisho. Wa vifaa anapendekeza bomba la kubonyeza. Aliyezungumza na mtunza mabomba anasema springi ndiyo ya kwanza kufa. Wa tabia anasema watu hawapendi kushika bomba wakiwa na povu mikononi, ndiyo maana wanaliacha wazi. Kimya kidogo. Halafu mmoja anauliza: kwani sabuni lazima iwe kando ya bomba? Wakitundika chupa ya maji ya sabuni yenye kifuniko kilichotobolewa, hatua chache kabla ya kufika bombani, mtu atafika akiwa ameshajipaka na kusugua, na bomba litafunguliwa kwa kusuuza tu. Hapo hakuna programu ya simu. Gharama yake ni chupa kuukuu na kamba. Na kesho yake wanaweza kupima tena kwa chupa ileile ya lita moja na saa ileile, wajue imefaa au haikufaa. Sisemi watafika hapo kila kundi. Wengine watafika pabaya, ila watafika mahali tofauti.

Angalia jambo moja katika kikao hicho cha kundi la nyumbani. Garold Stasser na William Titus walionyesha mwaka 1985 kwamba watu wakikaa kujadili hupenda kuzungumzia yale ambayo wote wanayajua tayari, na habari aliyonayo mtu mmoja hubaki mfukoni mwake. Ndiyo maana usiwaache waanze na mjadala. Kila mmoja atoe alichokipata kwa dakika tatu bila kukatizwa, na mwenzake mmoja aandike. Mjadala uanze wanne wote wakishasema. Ni sharti dogo lakini ukiliacha, kazi yote ya kugawana maeneo inapotea bure.

Kuhusu wewe mwenyewe: utatamani kuwasaidia wanapokwama. Vumilia. Manu Kapur amekuwa akichapisha tangu 2008 tafiti zinazoonyesha kwamba wanafunzi wanaohangaika na tatizo kwanza, hata wakishindwa, wakifundishwa baadaye huelewa kwa kina kuliko waliofundishwa kwanza. Sharti ni kwamba hayo mafundisho yaje kweli. Kuwaacha wahangaike halafu kengele ikagonga si mbinu.

Nirudi kwenye vyombo. WhatsApp ninaipenda kwa matangazo na kwa kutuma picha ya kipimo papo hapo. Kwa kujenga wazo haifai: maneno yanapanda juu na kupotea, anayejibu haraka ndiye anayeonekana mwerevu, na wazo la saa nne usiku linazikwa na salamu za asubuhi. Isitoshe, kundi la WhatsApp huweka namba za simu za wanafunzi wote mikononi mwa kila aliyemo. Kwa wasichana hilo si jambo dogo, na nimeshangaa jinsi shule zinavyolichukulia kirahisi. WhatsApp yenyewe inataka mtumiaji awe na angalau miaka 13, na ungekuta katika kidato cha kwanza wapo wanaotumia simu za wazazi. Wazazi waulizwe.

Unachohitaji ni mahali ambapo wazo linakaa, linaonekana, na linaonyesha nani aliligusa lini. Hati ya Google inatosha, na kile kitufe cha historia ya marekebisho ndicho chenye thamani kuliko vyote. Ukikifungua utaona rangi ya kila mwanafunzi na saa aliyoandika. Utaona pia aya nzima iliyotua kwa sekunde moja saa sita usiku, na hapo utajua la kuuliza. Ila usiigeuze kuwa kamera ya polisi. Waonyeshe siku ya kwanza kwamba unaweza kuisoma, na uisome pamoja nao: hapa wazo liligeuka, nani aliligeuza, kwa nini?

Mfano bora ninaoujua wa watu kufikiri pamoja mtandaoni unatoka kwenye hisabati. Januari 2009 Timothy Gowers, mwanahisabati wa Cambridge, aliweka hadharani tatizo gumu na kuwaalika watu wote walishambulie pamoja. Aliweka kanuni, na moja ilikuwa kwamba mtu alete wazo dogo, hata halijaiva, badala ya kwenda kulipika peke yake kwa wiki nzima. Kwa siku 37, watu 27 waliandika maoni ya kihisabati kama 800, na tatizo la msingi likapatiwa ufumbuzi. Alikuwamo Terence Tao, mwenye nishani ya Fields, tuzo ya juu ya hisabati, kama Gowers mwenyewe, na alikuwamo mwalimu wa sekondari. Makala iliyotoka ilichapishwa kwa jina moja la kubuni, D.H.J. Polymath. Chombo chao kilikuwa sehemu ya maoni tu, chini ya maandishi. Kilichowavusha ni ile ruhusa ya kuleta kitu kibichi, na kila kitu kubaki kimeandikwa ili atakayekuja kesho aendeleze.

Ruhusa hiyo haiji kwa tangazo. Amy Edmondson alionyesha mwaka 1999, katika utafiti wa timu za kiwandani, kwamba timu hujifunza zaidi pale watu wanapoamini hawataadhiriwa wakiuliza au wakikiri kosa. Darasani, imani hiyo hujengwa au kubomolewa na jinsi wewe unavyolipokea jibu la kwanza la kijinga. Ukicheka, kesho utapata yale ya kwenye mtandao, maana hayachekwi.

Na katika kupangana ndani ya kundi, usihangaike sana kuhakikisha kila kundi lina "kichwa" wa darasa. Anita Woolley na wenzake walichapisha mwaka 2010 kwamba uwezo wa kundi haukufuata sana akili ya mwanachama wake hodari, wala wastani wa akili zao. Ulifuata zaidi uwezo wao wa kusoma hisia za wenzao, na kama zamu za kuzungumza ziligawanyika sawa. Kundi lenye msemaji mmoja lilishuka. Makundi yenye wanawake wengi zaidi yalifanya vizuri, na watafiti walilihusisha hilo na huo uwezo wa kusoma hisia.

Kuna jambo la sifa pia, ambalo walimu hulipuuza. Scratch, ile lugha ya kupanga programu ya watoto iliyotolewa na MIT mwaka 2007, inamruhusu mtoto kuchukua kazi ya mwenzake na kuiendeleza. Mfumo ukaanza kuandika wenyewe kwamba kazi hii imetokana na ya fulani. Watafiti waliowahoji watoto wakakuta kwamba maandishi ya mashine hayakuwaridhisha. Walitaka yule aliyechukua awataje mwenyewe kwa maneno yake. Basi kila kundi liwe na ukurasa mmoja wa kutaja: wazo hili tulilitoa kwa kundi la saba, sisi tukaongeza hili. Kuchukua kwa kutaja ndiyo njia ambayo uvumbuzi mwingi umepitia. Kuchukua kimyakimya ndiko kunakoitwa kunakili. Na darasa lililozoea kutajana halina haja ya kufichana, kwa hiyo makundi yatafungua hati zao kwa wengine bila kulazimishwa.

Alama. Ukitoa alama moja kwa kundi zima, umewalipa waliotegea. Ukitoa za mtu mmoja mmoja tu, hakuna sababu ya kusaidiana. Robert Slavin, aliyepitia tafiti nyingi za kujifunza kwa kushirikiana, alifikia kwamba njia hii huleta matokeo pale ambapo kundi lina lengo moja na papo hapo kila mmoja anawajibika kwa alichojifunza yeye. Pendekezo langu ni nusu kwa nusu. Nusu ya kundi itoke kwenye kipimo cha suluhisho: je, lilijaribiwa, na namba zinasema nini, hata kama zinasema limeshindwa. Nusu ya mtu itoke mahali pawili. Siku ya kuwasilisha, chagua kwa kura nani atasimama kueleza, na umuulize kuhusu eneo la mwenzake, si lake. Kisha kila mmoja aandike kwa mkono, darasani, nusu ukurasa: nilikuwa nafikiri nini mwanzoni, nani au kitu gani kilinibadilisha. Hiyo akili mnemba haiwezi kumwandikia, kwani haikuwapo.

Vifaa vikiwa haba, usijisikie vibaya. Simu moja kwa kundi inatosha kama mshikaji anabadilika kila kipindi. Karatasi zibandikwe ukutani, zipigwe picha mwisho wa somo, na picha ziwekwe mahali pamoja kwa tarehe. Maandishi hula data kidogo sana kuliko video. Scratch ina toleo la kupakua linalofanya kazi bila intaneti, na Kolibri, programu ya bure ya kujifunzia bila intaneti, huziweka rasilimali za masomo kwenye kompyuta moja ambayo nyingine huzisoma kupitia mtandao wa ndani wa shule. Kwa mabomba ya kunawia, chombo muhimu kuliko vyote kilikuwa chupa ya lita moja.

Sasa hiyo programu ya kulipia. Kwa kazi niliyoieleza huihitaji, na ningewaambia uongozi hivyo waziwazi. Hati ya pamoja, lahajedwali na ukuta mmoja wa vikaratasi vinapatikana bure. Kuna hatari nyingine katika kununua mapema: mbinu zako zote zitafungwa kwenye chombo ambacho si chako. Google waliifunga Jamboard, ubao wao wa mtandaoni wa kuandikia pamoja, mwishoni mwa 2024, na shule zilizokuwa zimejenga masomo yao humo zikalazimika kuhamisha mbao zao au kuzipoteza. Chochote mtakachotumia, cha kulipia au cha bure, hakikisha kazi inaweza kutolewa na kuhifadhiwa kama faili la kawaida, na ifanyeni hivyo kila mwisho wa muhula. Endesheni mzunguko mmoja kwa vya bure. Kama mtakwama, mtajua mmekwama wapi hasa: pengine mnahitaji akaunti za wanafunzi zisizodai namba za simu, pengine ni nafasi ya kuhifadhi picha. Hapo uongozi utanunua kitu chenye jina.

Kama fedha hizo tayari zimetengwa na lazima zitumike, waombe wanunue saa za kupimia, mizani, chupa zenye alama za ujazo na rauta nzuri. Na uombe vipindi viwili vifuatane mara moja kwa wiki, maana dakika arobaini hazitoshi kwenda bombani, kupima, na kurudi kubishana.